Mstari wa Chini

Shambani mwa Mwalimu kulikuwa na neno moja lililokatazwa. Ungeweza kulalamikia jua, ungeweza kuimba nyimbo za kilabuni, ungeweza kukaa kivulini ukavuta sigara hadi ikuunguze vidole. Lakini ukichuma maharage kwenye ule mstari wa chini, kisha ukapanda hadi alipokuwa analima ukamwambia asante, alisimamisha jembe, akaegemea mpini, akakutazama kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani kwa makosa.

"Usinishukuru," alisema. "Si yangu."

Mama yangu alihangaika kulizoea hilo. Mwishowe alizoea. Akawa anashuka kwenye mstari ule na kikapu chake, anachuma, anafunga, anaondoka akiwa ameinua kichwa bila kusema neno. Na huyohuyo Mwalimu, miaka mingi baadaye, mbele ya baraza la kijiji, aliacha mama alazimishwe kulisema. Nimefanya kazi Tunduru, Makambako, Kyela na kwingine nisikokumbuka vizuri, na kote nimekwenda na siku ile. Naandika habari zake kwa sababu nilimpenda. Nisingempenda, ningekuwa nimeshasahau.

Tulimwita Mwalimu wa Jumamosi ili kumtofautisha na walimu wa shule, ambao walitufundisha siku nyingine na kwa fimbo. Yeye hakuwahi kushika chaki. Ujanani alikuwa msaidizi wa mtaalamu mmoja wa udongo, Myahudi, aliyekuja milimani kwetu kuzitazama ngoro. Kwa asiyezijua ngoro: sisi Wamatengo tunalima kwenye miteremko mikali, kwa hiyo hatupigi matuta kama watu wa tambarare. Mwanaume anafyeka majani na kuyalaza kwa miraba, mwanamke anachimba udongo wa katikati ya mraba na kuyafukia, na pale katikati panabaki shimo la kushika maji. Ukiutazama mlima kutoka ng'ambo ya bonde unaona sega la nyuki. Yule mtaalamu alikaa misimu kadhaa akipima mashimo hayo. Alipoondoka alichukua vifurushi vya udongo. Mwalimu alibaki na Jumamosi.

Alibaki na mengine pia: kitabu kinene cha sheria na maelezo yake, desturi ya mishumaa miwili Ijumaa jua linapozama, na tabia ya kujibu swali kwa swali. Watu walimtania kwamba ni Mwisraeli wa Mbuji, kijiji chetu. Hakukasirika, ila alisahihisha.

"Mimi si Myahudi," alisema. "Wayahudi wana mababu zao na mateso yao, siwezi kuyavaa kama koti la mtumba. Mimi ni Mmatengo niliyesomea kwa Myahudi."

Mkewe alibaki Mkatoliki kamili. Jumamosi alikaa na mumewe, Jumapili alikwenda misa. "Hii ndiyo nyumba pekee hapa inayopumzika siku mbili," alituambia huku akimimina chai. "Na magugu yameshajua."

Chai yenyewe haikuwa na sukari ya maana. Mwalimu alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa sukari. Nyumba yake ilikuwa na mlango mbele na mlango nyuma, na mchana kutwa yote miwili ilikuwa wazi, kwa sababu alisoma kwamba hema la Ibrahimu lilikuwa wazi pande zote, mgeni asipate taabu ya kuzunguka. Ungetokea Mbinga mjini au ungetokea Mpepai, ungekuta mlango unakungoja. Lakini kopo la sukari alilisukuma nyuma ya kile kitabu kinene, na kijiko alikishika mwenyewe.

"Mgeni anaingia popote," mkewe alisema, "ila kwenye kopo."

Sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya pembe za shamba. Alitusimulia chanzo chake mara nyingi, na kila mara alicheka mahali palepale.

"Kitabu kinasema usivune pembe za shamba lako, uwaachie maskini na mgeni. Nikamuuliza bosi wangu, sasa ngoro ina pembe wapi? Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, walimu wetu wa zamani wangebishana juu ya hilo wiki nzima, bahati mbaya hawakuwahi kuiona ngoro. Jibu utalitoa wewe."

Jibu alilotoa ni mstari wa chini kabisa. Mvua ikinyesha mlimani, udongo mzuri unateremka na maji, kwa hiyo ngoro za chini ndizo zenye rutuba. "Ningeacha mstari wa juu," alisema, "ningekuwa nimewaachia watu mawe, halafu najiita mtu wa sheria."

Mstari huo aliulima na kuupalilia kama mingine. Siku za kuvuna alianza juu, akashuka, akifika pale anasimama na kugeuza mgongo. Mtu wa nyumbani kwake hakuruhusiwa kugusa hata ganda. Wala yeye hakuchagua nani achume, na hapo ndipo alipokuwa mkali. Mwenye shamba akianza kumwita huyu na kumfukuza yule, alisema, tayari ameshaugeuza mstari kuwa mali yake. "Mungu ana kishamba ndani ya shamba langu. Mimi namlimia tu. Sasa mtu akichuma kwa Mungu, anishukuru mimi kama nani?"

Baba yangu alipofariki, ndugu zake walichukua mibuni wakatuachia nyumba. Mama hakuwa wa huku. Alikuwa Mnyasa wa Liuli, Mwanglikana katikati ya Wakatoliki, na Kimatengo chake kilichekwa sokoni. Siku tuliyokwenda kwa Mwalimu mara ya kwanza, alisimama mbali na shamba akifungua na kufunga khanga yake, mpaka Mwalimu mwenyewe akamwona.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba nichume kidogo."

"Marahaba. Usiombe. Wewe ni mjane?"

"Ndiyo."

"Na ni mgeni, umetoka ziwani?"

"Natoka Liuli."

"Basi kitabuni umetajwa mara mbili. Chuma."

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi, na mimi nilikisikia, nikamwangalia yule mzee kama mtu aliyefufua mtu.

Asante ilimtoka siku hiyo na siku nyingi zilizofuata, na kila mara alirudishiwa jibu lilelile. Kisha jioni moja, akiwa anapepeta maharage uani, alisimamisha ungo akasema, "Kumbe ni kama kitoweo cha kwetu." Akanieleza kwamba kwao ziwani, mitumbwi ikitia nanga asubuhi, wazee na wajane wanasimama na mabakuli, nao wanawekewa samaki. Hawaombi na hawashukuru. Kitoweo cha ufukweni ni chao kama upepo ulivyo wao. Tangu siku hiyo hakumshukuru Mwalimu tena, na nadhani hakuwahi kumheshimu mtu yeyote wa milimani kama alivyomheshimu yeye. Nilisoma hadi kidato cha nne nikila maharage yale.

Jumamosi alasiri tulikaa barazani kwake, watu wachache, baadhi kwa ajili ya mazungumzo na baadhi kwa ajili ya kusikia atasema nini ili wakacheke njiani. Hakupenda mahubiri. Alipenda habari. Wiki nzima alisikiliza redio, na Ijumaa jua likizama alitoa betri akazipanga dirishani, zikalala huko hadi kesho yake nyota zionekane. Sisi tulipofika aliuliza, "Wiki hii dunia imefanya nini?" Tukimwambia, alitafuta mahali sheria inapogusa.

Bei ya kahawa ilipoanguka, watu wakaanza kung'oa mibuni kwa hasira. Mwalimu alituambia kwamba kwenye kitabu, hata jeshi likizingira mji wa adui, haliruhusiwi kukata miti ya matunda. "Na nyinyi hamko vitani. Mmenuna tu." Wengine waliacha kung'oa, wengine walimwambia basi kitabu chake kinunue kahawa yao.

Familia moja kutoka Msumbiji ilipoanza kuuza vyungu sokoni, vijana waliiga lafudhi yao na kuwafichia vyungu. Mwalimu alisoma pale penye agizo la kutomwonea mgeni, kwa kuwa nanyi mlikuwa wageni Misri.

"Sisi hatujawahi kufika Misri, Mwalimu," fundi baiskeli alimjibu, na watu wakacheka.

"Kuna mtu hapa hajawahi kulala Songea kwa watu?"

Wote tulikuwa tumelala Songea kwa watu, na tunajua namna mwenye nyumba anavyokohoa siku ya tatu.

Wachimba udongo wa matofali walipoacha shimo wazi njiani, alilizungushia mianzi kwa mikono yake, akisema kwamba nyumba za kule kwenye kitabu zina mapaa ya kutembea juu, na sheria inamtaka mwenye nyumba ajenge ukuta mdogo mtu asianguke. Bodaboda zilipoingia kijijini aliwaambia madereva kwamba kofia ngumu ndiyo ukuta wa paa lao. Mmoja alimuuliza kama abiria naye ana paa. "Ana," alisema, "na wewe ndiye mjenzi."

Simu zilipoenea, alipambana na ulimi. Niliporudi likizo kutoka kazini Makambako, nilimwonyesha ujumbe uliokuwa ukizunguka kuhusu mama mmoja wa Kingerikiti anayesemwa kuwa ni mchawi, na picha yake. Hakuishika simu. Alisema walimu wa zamani waliona maneno ya namna hiyo yanaua watu watatu, anayesema, anayesikiliza na anayesemwa. "Wewe umeshaua mmoja na umeniletea nife wa pili. Futa." Nikafuta mbele yake.

Lakini lazima niseme na hili: Mwalimu alipenda umbea. Hakuusema, aliusikiliza. Ukianza kumzungumzia mtu alikukataza, halafu akakaa kimya kidogo, halafu akauliza kama yule mtu kweli amehamia kwa yule mwingine. Mkewe alisema mumewe anafunga mdomo tu, masikio hayamo katika sheria. Hakuna aliyezaliwa, kuoa, kugombana wala kufa kuanzia Mbuji hadi ziwani bila Mwalimu kupata habari. Hilo nitalirudia.

Alishuka ziwani nasi mara moja, tulipokwenda Liuli kwenye msiba wa bibi yangu. Wajomba zangu walimheshimu, wakampikia kampango, samaki mkubwa mwenye ndevu na mafuta, anayepewa mtu wa heshima. Kampango hana magamba, na kitabu kinakataza samaki asiye na magamba. Mwalimu alikisogeza kibakuli taratibu.

"Mzee," mjomba alisema, "kampango ni samaki wa wakubwa. Ukimkataa yeye umetukataa sisi."

"Shemeji, yeye simkatai. Naikataa ngozi yake."

Basi wakamletea usipa, wale samaki wadogo kama kidole. Mwalimu alivaa miwani, akamshika usipa mmoja, akamwinua kwenye jua, akamgeuza huku na huku. Wanaume wote waliacha kula. Hata waliokuwa wanalia ndani walitoka kutazama. Akapitisha ukucha mgongoni mwa yule samaki, akautazama ukucha.

"Yapo," alisema. "Madogo, lakini yapo."

Watu walipiga makofi, msibani. Tangu siku hiyo wajomba hawakumwita Mwalimu. Waliniuliza, yule mzee wa magamba hajambo?

Kuna Jumamosi moja ya masika ambayo ikinijia hunivuruga. Mwanamke mmoja alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na njia ya kwenda kwenye gari ilikuwa tope tupu. Wanaume walikuwa bado wanatafuta miti ya machela wakati Mwalimu alipotoka kwake amebeba mlango wa nyuma wa nyumba yake mabegani. Aliung'oa. Alishika upande wa mbele, mzigo unapokuwa mzito kwenye mteremko, na alipofika mahali penye mtandao alichukua simu ya mtu akapiga mwenyewe kuita gari.

"Mwalimu, leo si Jumamosi?" mtu alimuuliza wakiwa wanahema.

"Ndiyo. Sina kazi nyingine, ndiyo maana nabeba." Kisha, alipoona kijana hajaelewa, akamwambia kwamba uhai wa mtu unavunja Jumamosi yoyote, na mwenye kusitasita akaenda kuuliza ruhusa ameshamwaga damu. Mama na mtoto walipona. Mlango ulirudishwa ukiwa umepinda, haukufunga vizuri tena.

Huyo ndiye mtu ninayekutana naye kila nikijaribu kumchukia.

Lami ilipopita kuelekea Mbamba Bay, sehemu za chini za mashamba, ambazo zamani zilikuwa mbali na kila kitu, zikajikuta kando ya barabara. Mnunuzi mmoja kutoka mjini alitaka kujenga nyumba ya wageni. Akalitazama shamba la Mwalimu, akataka kipande cha chini. Mwalimu akauza. Hakumwambia mtu. Maharage yalikuwa tayari yamekomaa pale, aliyapanda kwa mkono wake mwenyewe, na mama yangu, ambaye sasa alikuwa mtu mzima anayetembea mkono ukiegemea paja, alishuka na kikapu chake kama miaka yote.

Mlinzi wa mnunuzi alimkamata na kikapu chake, akamwita mwizi, akampeleka ofisi ya kijiji. Nilikuwa Kyela. Nilipata simu, nikasafiri, nikafika siku ya baraza.

Ukumbi ulijaa. Mama alikaa kwenye benchi la mbele, kikapu kiko miguuni pake na maharage yamo, kama kielelezo cha mahakama. Mwalimu alikaa upande wa wazee. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, alitaka amalize mapema.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyelima," alisema. "Mama Gaudensi anasema mstari ule haukuwa wako wa kuuza na maharage yake, kwamba wewe mwenyewe ulisema ni haki ya wajane na wageni. Wote tumekuwa tukikusikia. Ukisema ni haki, itabidi mnunuzi amwachie avune, na hayo mauziano tuyatazame upya. Basi tuambie. Ilikuwa haki yake, au ilikuwaje?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa.

"Nilikuwa namsaidia tu," alisema.

Mtu wa nyuma aliguna. Mnunuzi aliegemea kiti. Mimi nilimtazama mama, na nikaona kwamba hajaelewa bado; alikuwa anamngoja Mwalimu amalizie.

"Basi msaada umekwisha," mwenyekiti alisema. "Mama Gaudensi, mwaga maharage ya watu hapo, uombe radhi, twende nyumbani."

"Nimwombe radhi nani?" mama aliuliza. "Huyu bwana, au Mungu mwenye kishamba?"

"Mama, usitupeleke mbali."

Mama aliinuka, akakiinamisha kikapu, maharage yakamwagika sakafuni. Akaomba radhi kwa mnunuzi, sauti ndogo. Alipotaka kukaa, mwenyekiti, kwa nia ya kupoza mambo, akaongeza, "Na umshukuru Mwalimu. Amekulisha miaka mingi."

Sidhani kama kulikuwa na mtu mle ndani asiyelijua jibu la Mwalimu kwa neno hilo. Hata waliochungulia dirishani walilijua, walikuwa wakiliiga wakicheza.

Mama alimgeukia.

"Asante, Mwalimu," alisema.

Nilimngoja aseme. Ningemsamehe shamba, ningemsamehe barabara na nyumba ya wageni, kama angesema yale maneno machache aliyokuwa ameyasema maisha yake yote. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea haki yake.

Nilimfuata nje. Alikuwa anatembea haraka kuliko umri wake.

"Mwalimu, mbona umesema vile?"

"Gaudensi, mambo ya ardhi yana sheria zake za serikali."

"Na kitabu?"

Alisimama. Hakunitazama, alitazama bonde. "Kile ni kitabu cha Jumamosi," alisema. "Leo ni Jumatano."

Baadaye watu walinieleza kwamba mkewe alikuwa mgonjwa na alihitaji matibabu ya mbali, na kwamba asingeuza angemzika mapema. Huenda ni kweli. Sikatai kwamba mtu anaweza kubanwa hadi akauza. Kuuza aliuza. Lakini kusema namsaidia tu hakukumtibu mkewe. Angeweza kusema, ni haki yake, nami nimeivunja. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba sheria inaishi sokoni, barabarani na kwenye simu, wala si kwenye mishumaa. Tulimwamini, tukaibeba, tukachekwa nayo. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa anaitoa na kuirudisha penye kopo la sukari.

Nilimhamishia mama Liuli kwa mdogo wake. Alikuwa amebadilika. Kwanza hakupokea kitu cha mtu. Jirani akimletea chumvi, kesho anampelekea kuni. Asubuhi mitumbwi ilipotia nanga, wajane wenzake walishuka na mabakuli yao, yeye alibaki ndani. Kisha alipougua na kushindwa kukataa, akageuka upande mwingine: akawa anashukuru kila kitu. Mama mdogo alipomlisha uji alisema asante kwa kila kijiko.

"Dada, acha," mama mdogo alimwambia. "Ni uji wako, ni nyumba yako. Unanishukuru nini?"

"Asante," mama alisema.

Alikufa hivyo. Tulimzika nyuma ya kanisa, na kutoka Mbuji hakuja mtu kwa niaba ya Mwalimu, wala salamu.

Kiangazi hiki nilirudi Liuli kulijenga kaburi la mama. Fedha za saruji zilipopungua nilijiunga na wavuvi wa mjomba, nikawa navuta nyavu na kushusha samaki. Asubuhi moja mjomba alikuwa anatengeneza mashine, akaniachia mimi kazi ya kugawa kitoweo. Nilisimama mbele ya rundo, watu wakaja na vyombo vyao mmoja mmoja. Nilipoinua macho nilimwona yupo kwenye msururu.

Alikuwa amesinyaa. Kioo kimoja cha miwani kilikuwa na ufa. Alishika fimbo mkono mmoja na bakuli la plastiki mkono mwingine. Mjomba alikuwa amewahi kunidokeza kwamba mzee wa magamba anaishi huku siku hizi, kwa binti yake aliyeolewa hapa, mkewe alishafariki na kijana wake kule Mbuji hakuwa na nafasi naye. Sikutaka kusikia zaidi. Sasa alikuwa mbele yangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ni nani mwenzangu? Macho yananidanganya."

"Gaudensi."

Nyuma yake watu walisogea.

"Mama hajambo?" aliuliza.

"Amezikwa pale juu, nyuma ya kanisa. Zamani."

Bakuli lilishuka kidogo. "Sikuambiwa."

"Wewe habari hazikuwa zinakupita, Mwalimu."

Niliinama kwenye rundo. Juu kabisa alikuwepo kampango mnene, na mkono wangu ulimpita wenyewe, ukaenda chini, ukatoa magege wawili wakubwa, samaki wenye magamba. Sikuufikiria uamuzi huo. Mkono ulikuwa umefundishwa zamani. Nikawaweka kwenye bakuli. Mwalimu alibana fimbo kwapani, akamshika samaki mmoja, akapitisha kidole gumba mgongoni kinyumenyume, polepole, kutoka mkiani hadi kichwani. Alikuwa anahakikisha magamba. Hilo alikuwa bado analishika.

"Asante sana, mwanangu," alisema.

Kisha hakuondoka. Aliinamisha kichwa upande, sikio likinielekea, akangoja. Nilijua anangoja nini. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu, yeye ndiye aliyeyaweka. Na yalikuwa ya kweli: samaki wale hawakuwa wangu, hawakuwa wa mjomba, walikuwa wa kila aliyesimama pale na bakuli.

"Karibu, Mwalimu," nilisema.

Alisimama kidogo zaidi, kama mtu asiyesikia vizuri. Halafu akaitikia kwa kichwa, akageuka, akaanza kupanda mchanga kuelekea nyumba ya mkwewe, bakuli amelikumbatia kifuani.

Aliyefuata alikuwa mama mmoja mwenye sufuria nyeusi. Hakuniambia kitu. Aliinua sufuria, nikamwekea, akaondoka nayo akiwa ameinua kichwa.